Mtamba Asiposhika Mimba, Mwulize na Fahali

Jumapili hii nataka tuanze zizini kwa ng'ombe, tupite kwa sungura, chura na kifaru, kisha tumalizie palepale tunapomalizia kila juma, yaani ndani ya nyumba zetu wenyewe. Ukiona kana kwamba nazunguka mbuyu, nivumilie. Safari hii ina mwisho wake.

Siku moja nilikwenda Limuru kumjulia hali shangazi yangu. Shangazi anafuga ng'ombe wanne wa maziwa na mtamba mmoja ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa "amemkataa". Mtamba huyo alikuwa amepandishwa mara tatu kwa mrija, na mara zote tatu, baada ya siku 21 hivi, akarudia joto kana kwamba hakuna lililofanyika.

Yule mtaalamu wa kupandisha, ambaye pale kijijini kila mtu humwita daktari, aliwasili kwa pikipiki na mtungi wake wa baridi nyuma. Kabla hajavaa ile glavu ndefu inayofika begani, alimkalisha shangazi kitako kwa maswali. "Mama, ulimwona akipanda wenzake saa ngapi, asubuhi au jioni? Unampa chumvi ya madini? Ute aliotoa ulikuwa safi au una usaha? Na zile mbegu tulizotumia zilikuwa za fahali yupi?" Shangazi alijibu moja baada ya jingine. Daktari akasema labda walikuwa wakichelewa kumwita, labda ni chakula, labda kuna maradhi katika mji wa mimba. Akaongeza kwamba safari hiyo angebadilisha fahali, kwani huenda kasoro iko upande wa mbegu.

Hakuna aliyemtukana mtamba.

Aliyekuwa jikoni akitupikia chai ni mke wa binamu yangu. Wameoana miaka minne na hawajajaliwa mtoto. Tulipokwisha kuketi, shangazi aliinua kikombe chake akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Hapa kwangu hata ng'ombe wameanza kuiga watu." Shemeji yangu aliweka birika mezani polepole, akatoka nje, asirudi hadi jioni.

Nilimwuliza shangazi kwa upole, "Shangazi, na huyu mwanao, amewahi kupimwa?"

Akanitazama kana kwamba nimemtusi. "Mwanangu? Mwanangu ana shida gani? Si unamwona alivyo na nguvu?"

Basi hapo ndipo nilipoamua kuandika makala haya. Katika zizi lile fahali alihojiwa. Katika nyumba ile, hatua chache tu kutoka zizini, hakuna aliyethubutu.

NENO MOJA, MATATIZO MENGI

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 katika kila watu 6 hukumbwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake. Tatizo hilo huhesabiwa pale mume na mke wanapokuwa wamekutana mara kwa mara kwa miezi 12 au zaidi bila ya kuzuia mimba, na mimba isitunge. Madaktari wamekwisha kueleza mara nyingi kuwa katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hii, upande wa mume nao unachangia, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke.

Lakini lugha yetu imetupa neno jepesi, tasa, nalo tumelibandika kwa mwanamke kama chapa. Ubaya wa neno hili ni kwamba linaficha mengi. Ili mtoto apatikane, ni lazima yai lipevuke na kutoka katika kokwa la mwanamke. Ni lazima mrija wa uzazi uwe wazi ili yai lipite. Ni lazima mbegu za mume ziwe za kutosha, zenye umbo zuri na nguvu za kuogelea. Ni lazima zikutane na yai katika saa zinazofaa. Kisha mji wa mimba uwe tayari kukipokea kiinitete na kukilea. Kamba moja ya mnyororo huu ikikatika, mtoto hapatikani, ingawa zile nyingine zote ni nzima.

Je, sayansi ilijuaje kuitenganisha kamba moja na nyingine? Jibu ni kwamba ilifunzwa na wanyama.

SUNGURA WA CAMBRIDGE

Mnamo Aprili 1890, mtaalamu wa Cambridge, Uingereza, aitwaye Walter Heape alichukua viinitete viwili kutoka kwa sungura jike wa aina ya Angora, ambaye manyoya yake ni marefu na meupe, akavitia katika mrija wa uzazi wa sungura jike wa aina nyingine kabisa, ambaye tayari alikuwa amekutana na dume wa aina yake. Siku zilipotimia sungura yule alizaa watoto sita. Wanne walifanana naye, na wawili walikuwa Angora halisi.

Hebu lifikirie jambo hilo. Mji wa mimba wa jike wa pili uliwalea wageni wale wawili hadi wakazaliwa, wala haukuwabadilisha hata unyoya mmoja. Kwa mara ya kwanza ilidhihirika kwamba yai ni jambo moja na mji wa mimba ni jambo jingine. Mwenye yai zuri anaweza kuwa na mji mbaya, na mwenye mji mzuri anaweza kukosa yai.

Kwa nini sungura? Wanafunzi wa Biolojia watapenda kujua kwamba sungura jike hatoi mayai kwa kufuata kalenda kama mwanamke au ng'ombe. Mayai yake hutoka saa 10 hivi baada ya kukutana na dume. Kwa hiyo mtafiti anaweza kujua kwa saa, si kwa kukisia, ni lini yai litakuwa wapi. Pia mimba ya sungura ni ya mwezi mmoja tu, hivyo majibu hayachelewi.

Sungura huyohuyo ndiye aliyefichua siri ya pili. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakichanganya mbegu na mayai ndani ya chupa za maabara bila mafanikio ya kuaminika. Mwaka 1951, Min Chueh Chang huko Marekani na Colin Austin huko Australia, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba mbegu ya kiume haiwezi kulitoboa yai mara tu itokapo kwa dume. Ni lazima kwanza ikae kwa saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike na kukomaa humo. Mwaka 1959 Chang akatumia mbegu zilizokwisha kukomaa hivyo kurutubisha mayai ya sungura nje ya mwili, akavipandikiza viinitete, na wana sungura hai wakazaliwa.

CHURA ALIYEPIMA MIMBA

Leo msichana huingia katika duka la dawa, akanunua kijiti cha kupimia mkojo, na baada ya dakika chache akajua kama ni mja mzito au la. Wachache wanajua kwamba kabla ya kijiti hicho kazi hiyo ilifanywa na wanyama.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba ukidungwa panya jike mchanga, kokwa zake hubadilika. Jambo lililowaudhi wengi ni kwamba ilibidi panya achinjwe na kupasuliwa ndipo jibu lionekane. Ndipo Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, Afrika Kusini, alipovutiwa na chura wa huko mwenye kucha miguuni. Chura huyo jike akidungwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba hutaga mayai kabla siku haijapita, na baada ya hapo hurudishwa majini kusubiri mgonjwa mwingine. Kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, vyura wa Afrika walisafirishwa hadi Ulaya na Marekani kufanya kazi hiyo katika hospitali.

Kilichokuwa kikimtagisha chura ni homoni inayotengenezwa na mimba changa. Kijiti cha leo kinatafuta homoni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba chura amestaafu.

LOUISE NA MAMA YAKE

Sasa tuje kwa binadamu. Robert Edwards, Mwingereza aliyeanza kwa kuchunguza mayai ya panya, alitamani kuwasaidia wanawake ambao mirija yao imeziba. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamefaulu kurutubisha yai la mwanamke ndani ya maabara. Maji maalumu waliyoyatumia kuliweka yai yalikuwa yametayarishwa na mwanafunzi aitwaye Barry Bavister kwa ajili ya mbegu za buku mdogo aitwaye hamsta. Kwa hiyo hata hapo mnyama ndiye aliyefungua mlango.

Edwards aliungana na daktari wa upasuaji Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy. Walikosea, wakajaribu tena, wakasemwa vibaya na viongozi wa dini na hata na wanasayansi wenzao. Hatimaye, tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili. Mama yake, Lesley, alikuwa na mirija iliyoziba. Hakuwa tasa. Kokwa zake zilikuwa nzima, mji wake wa mimba ulikuwa mzima, na kilichokosekana ni njia ya kupitia tu. Edwards alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Steptoe na Purdy walikuwa wamekwisha kufariki.

Tangu siku ile, zaidi ya watoto milioni 10 wamezaliwa kwa njia hiyo duniani. Hapa kwetu Nairobi, watoto wa kwanza wa namna hiyo walizaliwa mwaka 2006.

Kisha ikaja hatua nyingine iliyowahusu akina baba. Mwaka 1992, kutoka Brussels, Ubelgiji, ilitangazwa habari ya watoto waliopatikana baada ya mbegu moja tu ya mume kuchukuliwa kwa sindano nyembamba mno na kudungwa ndani ya yai. Kwa hiyo mume ambaye mbegu zake ni chache sana, au haziwezi kuogelea, naye akapata tumaini. Kumbuka basi, msomaji, njia hiyo isingalihitajika kama kweli wanaume wote wangalikuwa hawana kasoro.

FATU WA LAIKIPIA

Mfano ambao Wakenya wengi wameusikia ni ule wa vifaru weupe wa kaskazini. Mnamo Desemba 2009 vifaru wanne wa jamii hiyo waliletwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, kutoka hifadhi ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki. Madume walikuwa Sudan na Suni, na majike walikuwa Najin na binti yake Fatu. Ilitumainiwa kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014. Tarehe 19 Machi 2018 Sudan, dume wa mwisho wa jamii yake, naye akaaga dunia. Wakabaki mama na bintiye.

Wataalamu hawakusema kwamba majike wale wana mkosi. Waliwapima, kila mmoja peke yake. Wakaona kwamba Najin, aliyezaliwa mwaka 1989, ana miguu dhaifu ya nyuma isiyoweza kuhimili uzito wa mimba, ambayo kwa kifaru huchukua miezi 16. Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000, ana mji wa mimba ulioharibika. Lakini kokwa zake zilikuwa zikifanya kazi. Somo la sungura wa Cambridge likarudi: yai ni jambo moja, mji wa mimba ni jambo jingine.

Tarehe 22 Agosti 2019, madaktari wakiongozwa na Thomas Hildebrandt wa taasisi ya Leibniz ya Berlin, pamoja na wataalamu wetu wa Kenya, waliwalaza majike wale kwa dawa, wakapitisha kifaa cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti pamoja na sindano ndefu, wakachota mayai 10, matano kwa kila mmoja. Mayai yalisafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Cremona, Italia. Huko yalidungwa mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa katika barafu kutoka kwa madume waliokwisha kufa, akiwemo Suni. Viinitete vilivyopatikana vilihifadhiwa katika nitrojeni oevu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Huo ni ule ule mtungi wa daktari wa Limuru, msomaji, ila umevaa koti la Kizungu.

Mwaka 2021 Najin alistaafishwa kutoka kazi ya kutoa mayai. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha vivimbe vidogo visivyo vya saratani katika mji wake wa mimba na mlango wake, na uvimbe mkubwa wenye maji, wa upana wa sentimita 25, kwenye kokwa lake la kushoto. Viinitete vyote vilivyokuwa vimepatikana kufikia wakati huo vilitoka kwa mayai ya Fatu, yule mwenye mji ulioharibika.

Kwa kuwa Fatu hawezi kubeba, ilibidi kutafuta majike wa kuwabebea kutoka kwa jamaa zao, vifaru weupe wa kusini. Septemba 2023, katika Ol Pejeta, kifaru mmoja wa kusini alipandikizwa viinitete vya jamii yake mwenyewe kwa majaribio, na mimba ikatunga. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kifaru. Kwa bahati mbaya, mvua kubwa zilisababisha mafuriko, na jike yule akafa kwa maambukizo ya bakteria za udongoni. Ndani yake kilikutwa kijusi dume cha siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Habari hiyo ya huzuni na matumaini ilitangazwa Januari 2024. Ilithibitisha kwamba njia inawezekana.

TUNAJIFUNZA NINI SISI WENYE NYUMBA?

La kwanza ni kuhusu vivimbe. Wanawake wengi nao hupata uvimbe wa misuli ya mji wa mimba, ambao wengi wenu mmezoea kuuita fibroidi. Wanawake weusi huupata kwa wingi na mapema zaidi kuliko wengine. Si kila uvimbe huzuia mimba. Mara nyingi husumbua zaidi ule uliojitokeza ndani, pale mtoto anapokaa. Ukitokwa na damu nyingi mno wakati wa hedhi, ukibana maumivu mwezi hadi mwezi, usiambiwe "ndivyo wanawake walivyo". Nenda upimwe.

La pili ni maambukizo. Mirija ya uzazi huziba zaidi kwa sababu ya magonjwa ya zinaa, hasa klamidia na kisonono, au uchafu ulioingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Klamidia inaweza kukaa mwilini mwa mwanamke bila dalili yoyote huku ikiharibu kimyakimya. Enyi vijana wa vyuo, hili lawahusu sana. Tumieni kinga, na mkigundulika mna ugonjwa tibiweni wawili pamoja, la sivyo mtarudishiana kama mpira.

La tatu linatoka moja kwa moja zizini. Upo ugonjwa uitwao brusela ambao huwafanya ng'ombe watupe mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo na ndama aliyetupwa bila kinga. Huleta homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, huweza kuvimbisha korodani za mwanamume na kumharibia mja mzito mimba. Dawa yake ya kwanza ni sufuria: chemsha maziwa.

La nne ni kalenda. Ng'ombe akiwa katika joto hupiga kelele na kupanda wenzake, hata mtoto mdogo humtambua. Mkulima hujua kwamba akimwona asubuhi, apandishwe jioni. Mwanamke hana tangazo kama hilo. Yai lake hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata, nalo huishi karibu siku moja tu, ingawa mbegu za mume zaweza kuishi hadi siku 5 zikilisubiri. Wapo mume na mke waliotengana kwa kazi, mmoja Nairobi na mwingine mashambani, wakionana mwisho wa mwezi, halafu jamaa wanauliza mtoto yuko wapi. Atatoka wapi, ikiwa yai na mbegu hawajawahi kusalimiana?

La tano ni umri. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili, na hayaongezwi. Hupungua mwaka hadi mwaka, na baada ya miaka 35 hupungua kwa haraka zaidi. Kwa hiyo aliye chini ya umri huo na amejaribu mwaka mzima, amwone daktari. Aliyeuvuka asingoje zaidi ya miezi 6.

Na la sita, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba waende wawili. Kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote. Hujiepusha na tendo kwa siku chache, kati ya 2 na 7, kisha hutoa manii katika chombo safi na maabara huzihesabu mbegu na kutazama zinavyokwenda. Hakuna kisu wala sindano. Mke, kwa upande wake, hupimwa damu ili kujua homoni zake, hupigwa picha za mji wa mimba na kokwa, na mara nyingine hutiwa dawa ya rangi na kupigwa eksirei ili mirija ionekane kama iko wazi. Kumpitisha mke katika hayo yote kabla mume hajatoa kikombe kimoja ni dhuluma, tena ni kupoteza fedha.

Na ijulikane kwamba nguvu za mwili na nguvu za chumbani si kipimo cha mbegu. Mwanamume anaweza kubeba gunia la mahindi begani na mbegu zake zikawa haba. Sigara, pombe nyingi, dawa za kuotesha misuli, joto la kupita kiasi kwenye korodani na mishipa iliyovimba humo ni baadhi ya mambo yanayoharibu. Mengi kati ya haya yana tiba.

Sitawadanganya. Kutungisha mimba maabara hapa nchini hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, wala hakuna daktari mkweli atakayekuahidi kwamba utatoka na mtoto. Wengi hawahitaji kufika huko, kwani hutibiwa kwa vidonge, kwa upasuaji mdogo au kwa kurekebisha kalenda tu. Wengine hawatapata mtoto wa damu yao, na nyumba zao zisihesabiwe kuwa tupu kwa sababu hiyo. Wapo watoto wanaohitaji wazazi, na sheria inaruhusu kuwalea. Jihadharini tu na matapeli wa mitishamba wanaouza "dawa ya kuzibua mirija" kando ya barabara. Mrija ulioziba kwa kovu hauzibuliwi kwa chai.

TURUDI LIMURU

Mtamba wa shangazi aligunduliwa kuwa na maambukizo katika mji wa mimba. Alitibiwa, akapandishwa tena, na safari hiyo akashika.

Binamu yangu alinikwepa kwa majuma mengi. Kisha siku moja akanipigia simu, akauliza kwa sauti ya chini kipimo hicho hufanywa wapi. Akaenda. Majibu yalipotoka, mbegu zake zilikuwa chache, na chanzo kilikuwa mishipa iliyovimba, jambo ambalo daktari alilijua na kulizoea. Wote wawili wameniruhusu nilieleze hapa, mradi nisiwataje majina, ili liwafae wengine. Yeye yuko katika matibabu. Mtoto bado hajapatikana, na huenda akapatikana au asipatikane.

Lakini mara ya mwisho nilipokwenda Limuru, aliyenimiminia chai alikuwa shangazi mwenyewe. Shemeji yangu alikuwa ameketi sebuleni kando yangu, miguu ameinyoosha. Shangazi alimpa kikombe cha kwanza, akasema bila kumtazama, "Kunywa, mwanangu, kabla hakijapoa."

Hakuomba msamaha. Kwa jinsi ninavyomfahamu shangazi yangu, kile kikombe ndicho kilichokuwa msamaha wenyewe.

Basi, mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mke wa mtoto wako, dada au jirani ambaye hajajaliwa, kabla hujafungua mdomo mkumbuke mtamba wa Limuru. Mwulize na fahali. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia uhai.